Kipande kinachojua meka

Portali ya kazi ni kama depo moja ambamo koperative zote zinaweka stoki, bei na barua za mikutano. Portali kama SharePoint ya Microsoft inakuja na vipande tayari: kalenda, orodha, picha. Lakini hakuna kinachojua meka. Huku Sakania tunapima mahindi kwa meka na mifuko, na mnunuzi analipa kwa franka, dolari ao kwacha ya Zambia. Ndiyo sababu tunamuomba fundi atuandikie kipande chetu.

Mbele fundi aguse ordinatere, tukamate karatasi. Meka yetu ni kilo ngapi? Tuipime kwa mizani, wote wakiona. Bei ya dolari ya leo, nani ataiingiza? Rezo ikikatika, telefone itunze hesabu mpaka irudi.

Kisha tukijaribu mwezi mzima pamoja na kaye ya zamani. Hesabu zikipishana, tutafute kosa mbele ya kugawa pesa. Meka ikiwa ya uongo, mashine inazidisha uongo tu.

Na neno la siri libaki kwa koperative. Fundi akihama, hesabu zetu zisihame naye.