Je, Wajua? Fimbo, Njuga na Mwindo wa Walikale

Je, wajua kwamba kwa Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kundi zima la muziki wa jadi laweza kuwa watu wanne na fimbo moja?

Fimbo yenyewe ni kavu, ya jamii ya mwanzi. Hulazwa juu ya vijiti vidogo, kisha vijana watatu wanaipiga huku wakiitikia. Wa nne ndiye fundi. Anasimulia, anaimba, anacheza, anaigiza. Mkononi ana manyanga ya kibuyu, miguuni njuga. (Wanyanga, manyanga: ni sauti tu zimefanana. Usijenge historia juu yake.)

Je, wajua fundi huyo huitwa nani? Shekarisi. "She" ni baba wa fulani, na karisi ni utenzi. Lakini Karisi ni pepo pia, na ndiye anayetaka utenzi uimbwe. Anayeitikia wito wake huhesabiwa kuwa amekingwa na maradhi na mauti. Nijuavyo mimi, hakuna chuo cha muziki kinachowaahidi wanafunzi wake hivyo.

Shule yake ni kukaa karibu. Kijana hupiga fimbo kwa ndugu au rafiki anayejua, anaitikia miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja yeye ndiye anayesimama.

Je, wajua shujaa wa utenzi ni nani? Mwindo, mwenye jina la sifa Kabutwakenda: kadogo kalikozaliwa kakaenda. Nusu ya pili haihitaji mkalimani. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwapiga marufuku wake zake saba wasimzalie mtoto wa kiume. Alitaka mabinti tu, apate mahari. Mwindo akaja hata hivyo, anatembea, anasema, na mkononi ana conga, usinga wa mkia wa mnyama.

Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, akatoka. Mwishoni akaamuru ichongwe ngoma, mtoto atiwe ndani, ngozi iwambwe, itupwe majini. Hapo ndipo ninapoupendea utenzi huu.  Ngoma ilielea ikiimba, na wasichana wa shangazi yake Iyangura, waliokwenda kuchota maji, wakasikia wimbo unatoka ndani ya ngoma isiyo na mpigaji.

Je, wajua kwamba Mwindo alimfuata baba yake hadi kuzimu, na huko akacheza kamari? Mchezo unaitwa wiki, unachezwa kwa mbegu. Mpinzani wake alikuwa mungu Sheburungu. Mwindo alipoteza mali na watu, akabaki na conga peke yake. Akaiweka. Akarudisha vyote, na baba juu.

Je, wajua kwamba mtu hakutarajiwa kuusikia utenzi wote kwa mfululizo? Jioni moja ilitosha kwa kisa kimoja au viwili: watu wanaitikia, wanapiga makofi, wanamtunza fundi kwa vyakula na zawadi ndogo ndogo. Mwaka 1956 mambo yalikwenda vingine. Mwanaanthropolojia wa Ubelgiji, Daniel Biebuyck, alimwomba Shekarisi Candi Rureke atoe chote. Siku 12! Rureke aliimba, akacheza, akaigiza, huku Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika. Kwa siku zile 12, Walikale ilipata kitabu ambacho haikuwa imekiomba.

Kitabu kilitoka mwaka 1969 katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California, na jalada lina majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene. Huyu wa pili ni mwanaisimu, Mnyanga mwenyewe, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Kampala. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa kitabu kingine chenye tenzi zaidi za Mwindo, kutoka kwa wasimulizi wengine. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "Mwindo halisi ni huu", muulize: wa nani?

Je, wajua kwamba Waayalandi nao waliwahi kukimbizana na wazee hivyo hivyo? Julai 1792 wapiga kinubi wachache waliosalia walikusanywa Belfast, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akapewa kazi ya kuandika nyimbo zao. Mmoja wao, Denis Hempson, alikuwa amepita miaka 90 na bado alikwaruza nyuzi za waya kwa kucha ndefu, mtindo wa kale. Bunting alichapa mkusanyo wa kwanza mwaka 1796.

Kundi la jadi la Ayalandi linalojulikana zaidi duniani, The Chieftains, lilianzishwa Dublin mwaka 1962 na Paddy Moloney. Jina lake maana yake ni machifu. Shemwindo angelipenda. Moloney alipiga zumari la mfuko ambalo upepo wake husukumwa kwa kiwiko, si kwa mdomo. Mwaka 1983 kundi lake lilipiga juu ya Ukuta Mkuu wa China. Zumari hilo liliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017, kinubi kikafuata 2019. Jirani zetu wa Burundi walikuwa wametangulia: ngoma zao za kifalme ziliingia 2014.

Je, wajua tofauti ya Bunting na Biebuyck? Bunting aliandika sauti, na maneno mengi ya Kiayalandi yakaachwa nyuma. Walikale ikawa kinyume. Toleo la 1969 lina maneno ya Rureke kwa Kinyanga, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Fimbo haimo.