Fidia ya vita na askari anayetaka kazi

Mwaka 2001 Marekani iliamua kwamba askari wake aliyekanyaga ardhi ya Vietnam wakati wa vita, kisha akaugua kisukari cha aina ya pili, atahesabiwa kuwa aliumia jeshini na kustahili fidia. Chanzo ni Agent Orange, sumu ya kuua majani iliyomwagwa juu ya misitu kuanzia 1962 hadi 1971. Mgonjwa hakutakiwa kuthibitisha ni lini ilimgusa. Mwenzake wa rika lake, aliyetumikia Ujerumani miaka hiyohiyo, hakupata nafuu hiyo.

Wanauchumi wanne, David Autor akiwa mmojawao, waliyalinganisha makundi hayo mawili. Makala yao ya 2016 ilikadiria kuwa katika kila watu 100 walioanza kupokea fidia, 18 hivi waliacha kazi kwa sababu yake.

Wapo wanaodai kwamba fidia huzaa uvivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Walioacha kazi walikuwa watu wa miaka 50 na zaidi, wengine wakijikongoja kazini kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji. Mgonjwa wa namna hiyo akipata fedha za kila mwezi zisizokatwa kodi, akapumzika, amemkosea nani? Tena fidia ya kawaida haimkatazi mtu kuajiriwa, hata aliyepimwa ulemavu wa asilimia 100.

Kinachonisumbua ni kifungu kingine. Ulemavu hupimwa kwa makumi, na hesabu yake haijumlishwi kama ya dukani: mgongo 50 na goti 30 havifanyi 80. Ile 30 hupigwa kwenye nusu ya mwili iliyobaki nzima, kisha jibu huongezwa kwenye 50, inapatikana 65, nayo hupandishwa kuwa 70. Mtu wa 70 akithibitisha kuwa majeraha hayo yanamzuia kushika kazi ya kumtosha kuishi, anaweza kulipwa kama wa 100. Akija kupata kazi ya maana na kudumu nayo miezi 12, nyongeza hiyo inaweza kuondolewa.

Sasa mfikirie kijana aliyerudi kutoka Iraq, mgongo umeumia, usiku halali, na nyumbani ana watoto. Aijaribu kazi asiyojua kama ataiweza, huku akihatarisha fedha za uhakika? Wengi wa hali yake wataogopa, nami siwalaumu. Lakini ujuzi usiotumika huchakaa, na mwajiri huuliza ulikuwa wapi miaka yote hiyo.

Sheria ya PACT ya 2022 imewafungulia mlango wagonjwa wengine wengi, wakiwemo waliovuta moshi wa mashimo ya jeshi ya kuchomea taka. Kabla foleni haijarefuka, Bunge la Marekani liifanye nyongeza ile ya kulipwa kama wa 100 ipungue polepole kadiri mshahara unavyopanda, na kazi ikimshinda askari, irudishwe mara moja bila kumtaka aanze maombi upya.