Ngongo ya Chintu, fundi wa Kateba ambaye jina lake lilipotea Ulaya

Kwa karibu miaka 40, wajuzi wa sanaa huko Ulaya walimwita "Fundi wa Buli" tu. Buli ni kijiji, si mtu. Vitu viwili alivyochonga vilipatikana huko, na waliovibeba hawakuandika ni nani aliyevitengeneza.

Alikuwa Mhemba wa karne ya 19, wa upande wa mto Lualaba, kule ambako leo ni jimbo la Tanganyika. Kazi yake iliyosifiwa zaidi ni lupona, kigoda cha mfalme: mwanamke anainua kiti kwa vidole vyake, na vyote vimetoka katika gogo moja, bila msumari wala gundi. Tezo ndiyo huanza, kisu humaliza. Pigo moja baya kwenye mkono, na gogo zima ni la kutupa.

Uso ndio unaomtambulisha. Ni mrefu, mifupa ya mashavu imetokeza, macho yamefumba nusu, kama wa mama aliyechoka lakini hajakubali kutua mzigo. Mikono ni mikubwa kupita kiasi. Wachongaji wengine wa Kiluba walipenda nyuso laini za wasichana. Huyu alichonga uzee.

Kigoda hicho hakikuwa cha kukalia barazani. Mfalme alikikalia siku ya kutawazwa, kisha kikafungwa katika kitambaa cheupe na kutunzwa na mlinzi katika kijiji kingine. Ni mwanamke kwa sababu Waluba waliamini kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kutunza roho ya mfalme.

Katika miaka ya 1930, Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha vitu vilivyotawanyika katika makumbusho mbalimbali, akaona mkono mmoja. Wakati huo Wazungu wengi walisema sanaa ya Afrika ni ya kabila, haina mwenyewe. Lakini jina halikutoka kwenye makabati. Lilitoka vijijini, miaka ya 1970, watafiti walipouliza wenyeji: ni Ngongo ya Chintu, wa Kateba. Wengine bado wanabisha kwamba ni mafundi wawili, mwalimu na mwanafunzi wake.

Leo kazi hizo ziko Tervuren, London, Berlin na New York, na kwenye mnada kigoda kimoja hufika mamilioni ya euro. Mwezi wa pili 2022, Ubelgiji iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kufungua njia ya kuvirudisha. Sheria hiyo inahusu makumbusho ya serikali ya Ubelgiji peke yake. Vigoda vya London, Berlin na New York havimo.