Gede: Maskani ya Majini au Makaburi ya Wazee Wetu?

Shule zifungwapo, familia nyingi za Malindi, Watamu na Kilifi huwapeleka watoto kutembea Gede, nao watoto huondoka nyumbani wameshaonywa: msiokote kitu, msipige kelele, pale pana wenyewe. Husimuliwa kwamba wazee wa mji ule wangali wakizilinda kuta zao msituni, na kwamba aondoaye hata jiwe moja hufuatwa na balaa. Twaona ni vyema tuelezane ni kina nani hao wenyewe.

Walikuwa Waswahili, na walikuwa Waislamu. Mji wao wa mawe ya matumbawe ulistawi sana katika karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Msikiti wao wa Ijumaa ungali na mihrabu, kisima na birika la kutawadhia. Jirani yake pana kaburi lililoandikwa kwa Kiarabu mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. James Kirkman, aliyeanza kufukua magofu hayo mwaka 1948, alizipa nyumba majina kwa vitu vilivyopatikana ndani: mkasi, taa ya chuma, kijisanduku cha pembe. Hivyo ni vyombo vya nyumba yenye mama na watoto, si vya majini.

Kwa nini walihama? Wataalamu hutaja vita na mashambulizi, na pia upungufu wa maji. Kisima kilicho nje ya msikiti mkubwa kiliongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yakididimia.

Hatuwabezi bibi zetu waliosimulia habari za walinzi wale. Hofu hiyo imezuia mikono mingi isibomoe. Lakini mtoto aliyefunzwa kumwogopa maiti, kana kwamba ana uwezo wa kudhuru, amefunzwa jambo lisilopatana na tauhidi. Na siku atakapoacha kuamini hadithi, hatakuwa na sababu ya kuliheshimu kaburi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha akhera, na akakataza kuyakalia. Adabu hiyo yatosha, nayo haina mwisho.

Basi tuendapo, tuwaelekeze watoto watoe salamu kwa waliolala pale na kuwaombea dua. Wasipande juu ya makaburi wala kuegemea kuta ili wapigwe picha. Kigae wakiache kilipo, kwani ni amana. Tuwaonyeshe kibla, wajue kwamba watu wa Gede walielekea pale pale tunapoelekea sisi.

Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Dunia imeitambua thamani yake. Ni aibu wajukuu wa watu wale wakiujua kwa majini tu.