Aliyepona Kifafa Asiachwe Peke Yake

Mgonjwa wa kifafa anapoacha kuanguka, jamaa zake humshukuru Mungu na kudhani kwamba kazi imekwisha. Sisi tunasema kwamba kwa wengi kazi ya pili ndiyo kwanza inaanza.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi. Wagonjwa wengi hutulizwa na dawa. Wengine ambao dawa haziwafai huweza kupasuliwa, ikaondolewa sehemu ya ubongo inayoanzisha kifafa. Utafiti wa Kanada uliotangazwa mwaka 2001 ulihusu wagonjwa 80. Baada ya mwaka mmoja, 58 kwa mia ya waliopangiwa upasuaji hawakupatwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu. Kwa waliopewa dawa tu walikuwa 8 kwa mia. Hapa Afrika Mashariki upasuaji huo umefanywa katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, Uganda.

Lakini kisu hakitibu moyo. Katika miezi ya kwanza baadhi ya waliopasuliwa hushikwa na wasiwasi na huzuni kubwa, na wako wanaotamani hata kufa. Wataalamu wa Melbourne, Australia, waliiita hali ya namna hii mzigo wa kuwa mtu wa kawaida. Mtu aliyelelewa kama mgonjwa huambiwa ghafla kwamba sasa ni mzima, afanye kazi na kuoa kama wenzake. Aanzie wapi?

Aliyetulizwa na vidonge naye huweza kuubeba mzigo huo. Kijana wa Liuli au Mbamba Bay aliyekatazwa mtumbwi miaka yote asije akaanguka ziwani, hawi mvuvi wa usipa kwa siku moja. Binti wa Umatengo aliyezuiwa kukaribia moto hajajifunza kupika.

Tena kuna majirani. Dakta Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wagonjwa wa Mahenge na kuandika habari zao mwaka 1965, alikuta watu wakiogopa mate ya mgonjwa, naye akila peke yake. Tusijidai kwamba hofu hiyo ni ya Upogoro tu. Kidonge huzuia kuanguka. Hakiondoi hofu ya jirani.

Kwa hiyo tunawaomba waganga wa Mbinga, Litembo na Liuli wasiishie kumuuliza mgonjwa ameanguka mara ngapi, bali wamuulize pia analalaje na anawaza nini. Jamaa wampe kazi kidogo kidogo, na mambo ya ziwani na motoni yafuate shauri la daktari. Dawa zisikatizwe bila idhini yake. Anayesema afadhali afe asikemewe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nasi majirani tumkaribishe kwenye sahani moja. Hilo halihitaji fedha wala daktari wa kutoka mbali.