Taa za onyo zikiwaka kwa pamoja garini, pima umeme kwanza

Taa nyekundu yenye picha ya betri inapowaka gari likiwa safarini, madereva wengi huamini kwamba betri imekufa. Mara nyingi sivyo. Taa hiyo huashiria kuwa mfumo wa kuchaji betri umekoma au umedhoofika, na kwamba gari sasa linaendeshwa kwa akiba ya umeme iliyobaki.

Kwa dereva aliye kati ya Mbarara na Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, usiku na mvua ikinyesha, tofauti hiyo ni kubwa. Taa za mbele, waipa, feni na usukani unaosaidiwa na umeme vyote hula akiba hiyo kwa pamoja. Inaweza kumalizika kabla hajaufikia mji unaofuata, naye akabaki gizani kwenye barabara ya milima yenye malori mengi.

Betri hutunza, alteneta huzalisha

Kazi kubwa ya betri ni kuwasha injini. Injini ikishanguruma, umeme wa gari hutoka kwenye alteneta, mtambo mdogo wa kufua umeme unaozungushwa na mkanda wa injini. Alteneta hulisha vifaa vyote na papo hapo huirudishia betri nguvu iliyotumika. Ndani yake mna kidhibiti kinachozuia umeme usipungue wala kuzidi kiasi.

Ndiyo maana kununua betri mpya hakuponyi gari ambalo alteneta yake haichaji. Betri hiyo mpya nayo itaisha, pengine siku hiyo hiyo.

Kwa nini taa nyingi huwaka pamoja

Magari ya kisasa yana kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa na ya usukani. Kila moja huhitaji umeme usioyumba. Volti zikishuka mno, kompyuta hizo hushindwa kufanya kazi ipasavyo, na kila moja huwasha taa yake. Dereva huona magonjwa matano, kumbe ugonjwa ni mmoja.

Hapo ndipo fedha hupotea. Fundi akiunganisha mashine ya kusoma hitilafu, anaweza kupata orodha ndefu, na mwenye gari akauziwa sensa za breki zisizohitajika. Kanuni ni rahisi: taa zikiwaka kwa pamoja, volti zipimwe kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Vipimo vinasema nini

Kipimo hufanywa kwa mita ya umeme kwenye ncha mbili za betri. Gari lililopumzika kwa saa kadhaa, betri ikiwa imejaa na nzima, huonyesha takriban volti 12.6. Chini ya 12, betri imekaribia kuisha.

Injini ikinguruma, magari mengi huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni: kipimo kinaweza kushuka kidogo, kisha kitulie. Kikibaki kwenye 12 na kuendelea kuteremka, betri haichajiwi. Kikizidi 15, yaelekea kidhibiti kimeharibika, na umeme huo wa ziada unaweza kuchemsha betri na kuunguza kompyuta.

Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Magari ya haibridi kama Toyota Prius hayana alteneta ya kawaida, na yanahitaji fundi anayeyafahamu.

Anza na vya bei nafuu

Kabla ya kuhukumu alteneta, fundi akague mkanda kama umelegea au kukatika, ncha za betri kama zina kutu, waya wa arthi na fyuzi kuu. Mara kwa mara tatizo huishia hapo. Asikubali mtu achomoe betri injini ikiwa inanguruma ili kuipima alteneta. Mtindo huo wa zamani unaweza kuharibu kompyuta za gari.

Kwa anayenunua gari lililotumika, taa ya betri inapaswa kuwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini inaponguruma. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini: huenda imeungua, au imeondolewa ili kuficha kasoro.

Ukiwa barabarani

Taa ya betri ikiwaka, zima kiyoyozi, redio na chaja za simu, kisha tafuta mahali salama palipo karibu. Usizime injini kabla ya kufika, kwani huenda isiwake tena. Usizime taa za mbele usiku ili kuokoa betri. Zikianza kufifia, egesha nje ya barabara na uweke pembetatu za tahadhari.

Endapo mshale wa joto nao unapanda, simama mara tu penye usalama na uzime injini. Katika magari mengi mkanda unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, injini hukosa ubaridi, na kuendelea na safari kunaweza kuigharimu injini nzima.