Mpe mdundo, usimpe haraka!

Mko mezani, wageni wamekuja. Mpenzi wako ananyoosha mkono achukue glasi ya juisi. Mkono unasita, unajikunja. Kabla hajafika, wewe umeshamshikia glasi mdomoni. Umefanya kwa roho safi kabisa, hatukatai. Ila hebu mwangalie usoni.

Wengi wenye mtindio wa ubongo wanaijua hali hii. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au utotoni, na jeraha lenyewe haliongezeki. Mkono kuwa mgumu hakumaanishi akili ni nzito. (Na jamani, tuache kulitumia jina hilo kama tusi!)

Sasa sauti inaingiaje hapa? Si unajua muziki ukipigwa mguu unagonga sakafu wenyewe? Ni kwa sababu sehemu za ubongo zinazosikia na zile zinazoendesha misuli zinawasiliana kwa karibu. Mdundo unaojirudia sawasawa unauambia ubongo mapema mkono ufike lini, hivyo unaipanga safari nzima badala ya kurekebisha njiani. Mwaka 2002, Michael Thaut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walieleza walichokiona kwa watu waliopooza mkono kwa kiharusi: wakifuata metronomu, mkono ulipita njia iliyotulia zaidi na kiwiko kikakunjuka zaidi. Kiharusi si mtindio wa ubongo, lakini wataalamu wamelijaribu wazo hilo huku pia. Kuna wanaosaidika sana na wanaosaidika kidogo, kwa hiyo usitegemee muujiza.

Mkitaka kujaribu nyumbani, kwanza muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia. Kisha mwache mwenzio asogeze mkono kwa kasi yake mwenyewe, wewe hesabu tu. Metronomu ya kwenye simu iweke kasi hiyohiyo, usiongeze. Wekeni vikombe viwili mezani, kimoja karibu, kingine mbali kidogo, naye aguse kimoja kila mlio unapolia. Sauti iwe laini, maana mlio wa ghafla unaweza kumshtua na misuli ikakaza zaidi. Mkono ukianza kuuma, pumzikeni.

Mkishazoea metronomu, hamieni kwenye wimbo wenye kasi hiyo, na achague yeye. Akitaka taarabu, wewe wa Bongo Fleva vumilia. Wageni wakija tena, mwache aifuate glasi yake mwenyewe. Ikimwagika, kitambaa si kipo?